Upenu si pambo la nyumba

Mtu wa Pwani akiambiwa kuwa Ruiru na Thika kuna jua la kuchoma, hucheka. Ajua kwamba huko ni bara, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na akisafiri kwenda huko jambo la kwanza ni kutia sweta mkobani. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa wachekaji hao, mpaka siku moja ya mwezi wa Februari dada yangu mkubwa aliponipigia simu kutoka Ruiru. Hakuuliza habari za watoto wala za majirani. Alisema: "Ndugu yangu, mimi narudi zangu Mombasa. Chumba hiki ikishaadhiniwa alasiri hakikaliki."

Dada yangu ni mjane, na umri umekwenda. Mwanawe, ambaye ana kazi kiwandani Thika, alimwomba ahamie kwake ili asikae peke yake, naye akakubali kwa shida. Walikuwa wamepanga katika jengo la ghorofa lenye kuta zilizonyooka kama sanduku, bila upenu hata wa shubiri moja, na dirisha la chumba cha mama likitazama machweo. Lakini kilichonitia wasiwasi zaidi ni jambo alilolitaja kwa kupitia tu. Kijana alikuwa akijenga nyumba yake mwenyewe hapo Ruiru, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, na wiki ile alikuwa anakwenda kununua mabati. Na katika nyumba hiyo mpya, chumba cha mama kilikuwa upande wa machweo vilevile.

Nikaona hapa si suala la joto peke yake. Mama akirudi Mombasa kwa sababu ya dirisha, mwana atabaki na nyumba aliyoijenga kwa ajili ya mtu asiyeweza kuikaa. Kesho yake nikapanda treni.

NYUMBA MPYA, PAA LILILOFICHWA

Anayepita Barabara ya Thika, tangu ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ameona jinsi mashamba ya kahawa yalivyogeuka viwanja vya nyumba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu karibu watu laki tano katika mji wa Ruiru, na kiasi cha laki mbili na nusu katika mji wa Thika. Watu hao wote wahitaji pa kulala, na viwanja ni vidogo. Mwenye kujenga ghorofa za kupangisha husogeza ukuta mpaka karibu na mpaka wa jirani, asibakishe nafasi ya upenu. Na mwenye kujenga nyumba yake mwenyewe mara nyingi hufuata mtindo wa siku hizi: kuta hupandishwa zikapita paa, mabati yakafichwa nyuma yake, na ukitazama toka njiani huoni paa kabisa.

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyotaka. Alinipokea kwenye kiwanja, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nyumba nzuri. Na upenu utakuwa wapi?"

Akacheka. "Mjomba, upenu ni mambo ya kizamani. Unakula mabati na mbao bure. Na hapa si Mombasa."

Nikamwuliza ramani aliipata wapi. Akanionyesha nyumba ya mwenzake, ng'ambo ya barabara, iliyokwisha kuhamiwa. Ilikuwa ramani ileile: sebule mbele, vyumba vya kulala nyuma. Hapo ndipo nilipoufahamu mkasa wote. Nyumba ya mwenzake yatazama barabara upande wa magharibi, kwa hivyo vyumba vyake vya kulala vyapata jua la asubuhi. Ya mpwa wangu yaitazama barabara iyo hiyo kutoka upande wa pili, kwa hivyo vyumba vya kulala vimegeukia machweo. Karatasi ni moja, lakini jua halisomi karatasi.

KIBLA NI DIRA

Tuliingia ndani ya kile kitakachokuwa chumba cha mama yake. Juu palikuwa wazi, mbingu yaonekana. Nikamwambia: "Simama kama wataka kusali."

Kutoka Ruiru na Thika, Makka iko karibu na kaskazini kamili, ikipinda kidogo tu kuelekea mashariki. Basi Mwislamu aliyeko huko ana dira isiyonunuliwa dukani. Akielekea kibla, kaskazini iko usoni pake, mashariki iko mkono wa kulia, kusini iko mgongoni, na magharibi iko mkono wa kushoto. Dirisha la chumba kile lilikuwa mkono wa kushoto.

Ukishazijua pande nne, lijue na jua. Thika iko kiasi cha nyuzi moja tu kusini ya Ikweta, na Ruiru vivyo hivyo. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini adhuhuri, karibu na tarehe 18 Machi na tarehe 25 Septemba, na siku hizo fimbo iliyosimamishwa wima haitoi kivuli cha kutajika. Baada ya Machi, jua la adhuhuri huhamia upande wa kaskazini, likafika mwisho wa safari yake karibu na tarehe 21 Juni. Baada ya Septemba huhamia kusini, likafika mwisho karibu na tarehe 21 Desemba. Hata likifika huko, haliendi mbali na utosi: ni nyuzi 22 hadi 25 tu.

Sisi watu wa Pwani twayajua majira kwa pepo, na hapa pana jambo la kukumbuka. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo watoka kaskazini lakini jua la adhuhuri liko kusini. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, upepo watoka kusini nalo jua liko kaskazini. Upepo na jua hupishana, na ajengaye nyumba lazima avipokee vyote viwili, kila kimoja kwa mlango wake.

HESABU YA FUTI

Fundi alikuwa amekaa juu ya mawe akisikiliza. Ni mtu wa huko huko, mwenye miaka mingi katika kazi, na hakupendezwa na maneno mengi. "Mzee," akaniuliza, "wataka upenu wa futi ngapi?"

Swali zuri. Chukua dirisha la kawaida lenye urefu wa futi 4 kutoka juu hadi chini, na ukingo wa paa ukiwa futi 1 juu ya dirisha. Katika ukuta wa kusini, adhuhuri ya Desemba, kila futi moja ya upenu hushusha kivuli cha karibu futi 2 na nusu ukutani. Kwa hivyo upenu wa futi 2 hushusha karibu futi 5. Toa ile futi moja iliyo juu ya dirisha, zabaki karibu nne, na dirisha zima limekaa kivulini. Katika ukuta wa kaskazini, adhuhuri ya Juni, futi moja ya upenu hutoa kivuli cha futi 2 na kidogo. Upenu huohuo wa futi 2 utafunika futi 3 na zaidi za dirisha, na chini utabaki mstari mwembamba wa jua.

Hizo ndizo adhuhuri ngumu kuliko zote. Mwezi wa Februari, joto la Thika linapochemka, jua la adhuhuri limekwisha kurudi karibu na utosi, na upenu mfupi zaidi ungetosha. Asubuhi na mchana unapoelekea jioni kivuli cha upenu hupungua, ndiyo maana ni vizuri kuongeza nusu futi. Lakini kwa jumla, katika nchi hizi za Ikweta, madirisha ya kusini na kaskazini hulindwa kwa urahisi sana. Fundi wa Ulaya hawezi kuota bahati hiyo, kwa kuwa huko jua la majira ya baridi huinama sana na kuingia mpaka katikati ya chumba.

Nikamwuliza fundi kama hapo Ruiru kuna wakati ambapo mtu hulitafuta jua. "Julai," akajibu mara moja. "Julai wiki nzima ni mawingu, na jua likitoka kidogo kila mtu anakimbilia nje." Basi, nikasema, ukuta wa kaskazini tuupe upenu wa futi 1 na nusu, unaotosha kuukinga na mvua, ili jua la Juni na Julai likipatikana liingie. Ukuta wa kusini tuupe futi 2 na nusu, kwa maana jua la huko ni la miezi ya joto. Fundi akakuna kichwa. "Paa litashuka upande mmoja kuliko mwingine," akasema. Ni kweli. Ukiongeza upenu bila kubadili mteremko, ukingo wake hushuka chini zaidi. Lakini ukingo ulioshuka huongeza kivuli, mradi usizibe dirisha. Akatazama juu, akapima kwa macho, akasema: "Inawezekana."

KIVULI CHA ALASIRI

Mpwa wangu akadhani mambo yamekwisha. "Basi, mjomba, na huku kwa mama tutie futi 2 na nusu, tumalize."

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Upenu hauwezi kulizuia jua la magharibi, na sababu yake kila Mwislamu anayo, ila hajaifikiria kwa upande wa ujenzi. Wakati wa alasiri huingia lini? Katika madhehebu yetu ya Kishafii, ni pale kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, mbali na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipopinduka. Katika siku za jua la utosi, maana yake ni kwamba jua limeshuka nusu ya njia kutoka juu ya kichwa mpaka kwenye upeo. Wakati huo upenu wa futi 2 katika ukuta wa magharibi hushusha kivuli cha futi 2 tu. Toa ile futi moja ya juu, dirisha la futi 4 limefunikwa futi moja, na futi tatu zapokea jua.

Na hiyo ndiyo kwanza adhana. Ili kulifunika dirisha zima wakati ule, upenu ungehitaji kuwa futi 5. Saa moja baadaye ungehitaji karibu futi 9. Saa moja nyingine mbele, jua linapokaribia kuchwa, ungehitaji karibu futi 19, yaani paa linalomwingilia jirani. Hakuna fundi awezaye kulishinda jua hilo kwa upenu, Ruiru wala Lamu wala Zanzibar. Dada yangu aliposema kwamba chumba hakikaliki baada ya alasiri, alikuwa ametaja saa yenyewe ambapo upenu hushindwa.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema polepole: "Kwa hivyo yale tuliyofundishwa chuoni juu ya vivuli, ndiyo haya?"

Ndiyo haya. Wanazuoni wa Kiislamu walikishughulikia kivuli kwa sababu ya swala. Katika karne ya 9, Habash al-Hasib wa Baghdad alitengeneza majedwali ya vivuli kwa kila kimo cha jua. Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli na nyakati za swala. Hesabu ile ambayo leo wanafunzi huisoma shuleni kwa jina la tanjiti, wao waliiita kwa Kiarabu "kivuli". Elimu iliyomwongoza mwadhini ndiyo ambayo leo humwongoza mchora ramani, na kalenda ya nyakati za swala iliyotundikwa msikitini ni kitabu cha jua kwa anayejua kukisoma. Humo utaona kwamba katika sehemu za Thika jua halipinduki saa sita kamili: ni kama saa sita na robo mwanzoni mwa Novemba, na kama saa sita na dakika 45 katikati ya Februari. Anayetaka kupima kivuli cha adhuhuri asitegemee saa ya mkononi peke yake.

WAZEE WALIFANYAJE?

Wazee wetu wa Pwani hawakuwa na majedwali ukutani, lakini waliishi ndani ya jibu. Katika Lamu njia ni nyembamba, nyumba hii humtilia kivuli jirani yake, na kuta za mawe ya matumbawe ni nene, hivyo jua la jioni lapata pa kugonga lakini halipati pa kuingilia. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, roshani za mbao hutoka juu ya njia na kuwapa kivuli wapitao. Nyumba ya makuti paa lake hushuka mpaka mtu mrefu ainame kuingia, na chini ya upenu huo ndipo penye baraza, mazungumzo na ususi wa mikeka. Na huko bara pia nyumba za jadi za Wakikuyu zilikuwa za mviringo, nyasi za paa zikishuka kupita ukuta. Masetla waliokuja kulima kahawa walijenga nyumba zenye baraza pana. Kila mmoja kwa njia yake alijua kwamba ukuta huhitaji kofia. Sisi ndio tuliomvua kofia, tukaita maendeleo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba upande wa magharibi hakuna hata mmoja wao aliyetegemea upenu mtupu. Walitumia ukuta mnene, au baraza, au mti, au dirisha la mbao la kufungwa jioni.

HUKUMU YA FUNDI

Chumba cha mama kilikuwa cha pembeni, kina ukuta wa magharibi na ukuta wa kusini. Ule wa kusini haukuwa na dirisha kabisa, kwa kuwa ramani haikusema. Nikamwomba fundi aniambie kama dirisha laweza kuhama. Mpwa wangu akashika kiuno. "Mjomba, pesa za mabati nimezihesabu mpaka senti. Ukuta umekwisha kujengwa."

Ni fundi aliyetuokoa, wala si mimi. Alichukua kijiti akaandika mchangani. Alihesabu mistari ya mawe ya Ndarugo iliyokuwa ipande juu ya linta ili kulificha paa, kuzunguka nyumba nzima, pamoja na saruji yake. Akahesabu na mfereji wa ndani ambao paa lililofichwa haliwezi kukosa. "Na mfereji huo," akasema, "majani yakiuziba wakati wa mvua ya Aprili, maji yanarudi ndani ya nyumba. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha." Kisha akaufuta ukuta ule kwa kiganja. Mawe yaliyotolewa hapo yalitosha kuziba dirisha la magharibi, na akiba ya saruji na vibarua ikaenda kwenye mabati na mbao za upenu. Dirisha kubwa likafunguliwa kusini. Magharibi pakabaki kidirisha kidogo cha juu chenye ubao wa kufunga, cha kupitisha hewa usiku.

Kijana hakufurahi siku ile. Nyumba aliyoiona katika ndoto yake ilikuwa na paso la kisasa, na mimi nilikuja kutoka Pwani nikamrudishia upenu wa babu yake. Alisema, "Sawa, mjomba," kwa sauti ya mtu anayemheshimu mkubwa wake bila kukubaliana naye. Sikumlaumu. Nyumba ni jasho lake.

Nilirudi Ruiru mwaka uliofuata, Februari vilevile, kwa makusudi. Nilifika saa tisa na nusu. Dada yangu alikuwa ametandika msala karibu na lile dirisha la kusini, pazia limefunguliwa, jua halimo. Nikaugusa ukuta wa magharibi kwa ndani, ukawa na uvuguvugu, maana jua lilikuwa laupiga kwa nje. Mwembe tulioupanda huko ulikuwa haujafika magotini. Kwa hivyo sitasema kwamba tumelishinda jua la alasiri. Tumelinyima mlango tu, na miaka michache ijayo mti utasaidia.

Mpwa wangu aliporudi kazini alikaa nasi upenuni, kwenye ngazi ya nyuma. Hakutaja habari za mtindo. Alisema kwamba yule mwenzake wa ng'ambo amemwomba namba ya fundi, anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha.

Nawe msomaji wa Pwani, usidhani haya ni ya bara pekee. Mombasa iko kusini zaidi ya Thika, kiasi cha nyuzi 4 kutoka Ikweta. Huko kila futi ya upenu hutoa kivuli cha karibu futi 3 katika ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba, lakini katika ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni haifiki futi 2. Na kwa kuwa sisi hatuna baridi ya kutufanya tulikaribishe jua, upenu wetu wa kaskazini ndio unaotakiwa kuwa mrefu zaidi, kinyume na wa Ruiru. Ama dirisha la magharibi, hukumu yake ni moja kila mahali.

Basi kabla hujaagiza mabati, ingia katika kila chumba, elekea kibla, utazame mkono wako wa kushoto. Ukiona hapo dirisha kubwa, mwite fundi kabla saruji haijakauka.

Jioni ile, kabla ya magharibi, dada yangu aliniletea chai, kisha akaingia ndani akatoka na sweta. Nikamwuliza: "Dada, si ulikuwa warudi Mombasa kwa joto?"

Akalivaa, akafunga vifungo. "Mombasa nitakwenda kwa Idi," akasema. "Kisha nitarudi kwangu."